Siku Ambayo Hakuna Mtu Aliyevuka

Jumatatu, Machi 3

Mhariri anataka aya nne kuhusu barabara, bila sentensi ya ziada. “Itajengwa lini, itapita wapi, basi,” ameniambia kwenye simu. “Mengine kaa nayo.” Nitakaa nayo hapa.

Habari yenyewe haina mizunguko. Barabara kuu inayoukata mji wetu katikati ina njia mbili na mashimo mengi kuliko njia. Itapanuliwa iwe ya njia nne, na katikati utajengwa ukuta wa zege unaofika kifuani, ili magari ya kwenda na ya kurudi yasikutane. Michoro imebandikwa kwenye ukumbi wa mji. Wananchi watatoa maoni mwezi Aprili, na mwezi Mei bodi ya barabara itaidhinisha au itakataa. Nimeandika habari za barabara tangu nina nywele nyeusi na sijaona bodi ikikataa.

Mvua ya kwanza imenyesha alasiri, ikakoma kabla sijafungua mwavuli.

Jumatano, Machi 5

Nimekwenda ukumbini kuitazama michoro kwa utulivu. Anayeisimamia ni mhandisi wa kike wa makamo, miwani yake imefungwa uzi shingoni, na mji mzima umeshamwita Injinia kana kwamba hakuna mwingine duniani. Nimepitisha kidole kwenye mchoro kuanzia mzunguko wa magari kaskazini mwa mji hadi darajani kusini. Hakuna mahali pa mtu kuvuka.

“Kivuko kiko wapi?” nimemuuliza.

“Hakuna.”

“Kwa nini?”

“Hakuna wavukaji.” Amesema kama daktari anayemwambia mtu kwamba hana homa. “Tulihesabu Novemba, siku nzima, tangu kunakucha mpaka magharibi. Watu thelathini na mmoja. Kwa idadi hiyo bodi hainipi hata ngazi za kivuko cha juu.”

“Mimi mwenyewe navuka kila siku, kwenda na kurudi.”

“Siku hiyo hukuvuka.”

Kweli, sikuwapo. Novemba yote mimi na mke wangu tulikuwa kwa binti yetu aliyejifungua. Nilirudi mwenyewe, mke wangu bado yuko huko, mjukuu amemteka na hataki kukombolewa. Ndiyo maana msimu huu nalala kwangu na kula kwa dada.

Alhamisi, Machi 6

Dada yangu ni mwoka mikate. Tanuri lake liko upande wa mashariki wa barabara, nyuma ya nyumba, na alilijenga marehemu shemeji kwa mikono yake. Duka lake la mikate, soko, shule na hospitali viko magharibi. Kila alfajiri mkokoteni uliojaa mikate unavuka barabara. Mchana unavuka tena na skonzi za wanafunzi. Ukuta ule ukijengwa bila kivuko, mkokoteni utazunguka kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, kando ya malori.

Nimemweleza akiwa anakanda unga. Hakuacha kukanda.

“Mikate itafika imepoa,” amesema.

“Itafika imepoa.”

“Na mkate uliopoa unauzwa na kila mtu.” Akageuza donge. “Basi sitalishughulikia tanuri.”

Tanuri lina ufa ubavuni. Moto unapumulia hapo, mikate ya upande huo inaiva nusu. Alikuwa amemwita fundi aje wiki hii na matofali. Amemwambia asije. Wifi yake anayeishi mji mwingine amekuwa akimwita miaka miwili wakafungue duka la vitambaa pamoja.

“Wewe na vitambaa?” nimemuuliza.

“Vitambaa havipoi.”

Jumatatu, Machi 10

Mvua. Aya nne zimetoka, ukurasa wa tano, chini ya tangazo la magodoro.

Ijumaa, Machi 14

Msukuma mkokoteni wa dada anaitwa Bwana Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza. Ni mtu mzima, ana wajukuu. Nimemuuliza kuhusu ile Novemba.

“Thelathini na mmoja? Mimi peke yangu ni saba kati ya hao. Au nane. Nilivuka kumsalimu kinyozi, nikarudi, nikakumbuka sikumwambia habari za shemeji yake, nikavuka tena.”

“Na wengine walikuwa wapi?”

“Walijikalia. Siku hiyo palikuwa pametulia kweli. Hata mimi niliona haya kidogo kupita.”

“Kwa nini palitulia?”

“Muulize Mwenyekiti,” amesema, kisha akanieleza mambo ya goti lake mpaka tukafika dukani.

Jumatano, Machi 19

Mwenyekiti wa mtaa ni mtu nadhifu kupita kiasi. Nyumba yake inatazama barabara, upande wetu wa mashariki, na ina ukuta mfupi uliopakwa chokaa na bustani ya maua anayoimwagilia hata mvua ikinyesha. Ana kipaza sauti cha betri ambacho hakimtoki mkononi. Kwa miaka mingi nimemwona mtu wa majigambo. Leo nimekaa barazani kwake, nikauliza swali moja, kisha nikaandika tu.

“Inaniuma sana,” amesema. “Baada ya mapokezi yale, watu wa barabara wanatunyima kivuko.”

“Mapokezi gani?”

“Wewe hukuwapo. Ngoja nikuambie. Niliarifiwa siku moja kabla: wageni wa serikali wanakuja kuitazama barabara. Nikachukua kipaza sauti, nikapita mtaa kwa mtaa mpaka koo likakauka. Wageni wanakuja, mji uwe na adabu. Mikokoteni ibaki ndani. Wanafunzi wafike shuleni kabla hakujakucha na watoke baada ya magharibi. Soko lifungue lango la nyuma. Asionekane mtu anazurura barabarani mbele ya wageni.” Macho yake yaling’aa. “Na watu wakatii. Ungeweza kuweka trei ya mayai katikati ya lami. Wale vijana walikaa na viti vyao siku nzima bila kusumbuliwa na mtu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, au siyo?”

“Walikuja kuhesabu wanaovuka, Mwenyekiti.”

“Walikuja kuhesabu magari.”

“Na wanaovuka.”

Kisha akatazama maua yake.

“Hakuna aliyeniambia,” akasema.

Hilo ni kweli. Nimeshamuuliza karani wa ukumbi. Ujumbe ulisema ‘wataalamu watafanya tathmini ya barabara’, na tathmini kwa Mwenyekiti ni ugeni.

Alhamisi, Machi 20

Dada amethibitisha. Siku hiyo alivusha mikate yote kukiwa bado giza, akashinda dukani hadi magharibi, “maana tuliambiwa tuwe na adabu.” Mwalimu mkuu amethibitisha. Muuza nyanya amethibitisha, na ameongeza kwamba hajawahi kuchoka kama siku ile ya kukaa.

Mvua, kutwa.

Ijumaa, Machi 28

Safari hii Mhariri amenipa ukurasa wa tatu. Kichwa cha habari amekiweka yeye: ‘Mji Wajificha kwa Adabu, Wakosa Kivuko’. Kufika saa nne kinyozi alikuwa amekibandika kwenye kioo chake. Mji mzima unacheka, ukijicheka wenyewe, lakini zaidi unamcheka Mwenyekiti. Watu wanampisha njia na kumwambia, “Pita, mgeni.”

Jumatano, Aprili 2

Mwenyekiti haniitikii salamu. Hilo nalivumilia. Leo ameacha pia kununua mkate kwa dada, na hilo dada halivumilii hata kidogo.

“Miaka ishirini na sita anakula mkate wangu,” dada amenifokea. “Umemwandika mpaka jina la babu yake.”

“Sikuandika jina lake. Niliandika cheo.”

“Wenyeviti wako wangapi mtaa huu?”

Nikavuta kiti.

“Nikuulize, mdogo wangu. Wewe ni ndugu yangu au ni gazeti?”

“Mpaka saa kumi na moja jioni ni gazeti.”

“Basi chakula utakula baada ya saa kumi na moja.”

Nimekula saa kumi na mbili. Ulikuwa mkate wa upande wa ufa, mbichi katikati.

Ijumaa, Aprili 4

Injinia amesoma habari na kunipigia. Hakucheka, au alicheka kabla hajapiga.

“Naweza kuhesabu upya,” amesema, “lakini gazeti si ushahidi. Kila mji usiopenda idadi yake huniambia siku ile haikuwa ya kawaida. Kiongozi wa mtaa asimame kwenye kikao cha maoni tarehe kumi na sita aseme alifanya nini. Bila hivyo mchoro unakwenda bodi kama ulivyo. Bodi inasoma takwimu. Vilio haisomi.”

Nimempelekea Mwenyekiti ujumbe huo barazani. Alikuwa anapaka chokaa.

“Nikaseme nilikosea?”

“Ukaseme ulichofanya.”

“Niliwapokea wageni. Kosa liko wapi?” Akachovya brashi. “Mwambie dada yako namsikitikia.”

Jumatatu, Aprili 7

Dada ana mpango. Amesikia kwamba wahesabuji huenda wakarudi, na ameapa kwamba wakija hawatahesabu thelathini na mmoja. Amezungumza na watu wa sokoni, amezungumza na shule, Bwana Kimya amezungumza na wote waliobaki. Nimemwambia kwamba nikiona mchezo nitauandika.

“Andika,” amesema. “Umeandika tulipokosea kwa adabu. Andika na tunapokosea kwa makusudi.”

Jumanne, Aprili 8

Siku ndefu, na nitaiandika yote.

Asubuhi, wanaume wawili wenye vikoti vya njano walikaa kwenye viti vya plastiki kando ya barabara, mbele ya soko. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai, mji ukaanza kuvuka.

Walivuka wauza mboga na matenga yao, wakageuka, wakavuka tena na matenga yaleyale. Walivuka mafundi cherehani wawili wawili. Kinyozi alivuka na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Mvua ikaanza, wakavuka na miavuli. Bwana Kimya alivuka akabadilisha kofia, akavuka tena, akavaa kofia ya mtu mwingine. Malori yalisimama foleni mpaka darajani na madereva walipiga honi kama harusi. Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, mikono kiunoni, akiwaelekeza kwa kidevu.

Mimi niliwaendea wale wanaume mapema kabisa na kuwauliza wanafanya kazi gani.

“Sisi watu wa nyaya za simu,” mmoja alijibu. “Gari letu limekwama na vifaa. Tunalisubiri.” Aliutazama umati. “Hapa kuna nini leo?”

Nikaenda kumwambia dada.

“Ndivyo watakavyosema,” akanijibu. “Mtu wa siri hawezi kukubali.”

“Dada, wana ngazi na koili ya waya.”

“Wajanja hao.”

Gari lao lilifika mchana, lenye chapa ya simu ubavuni na simu kubwa ya plastiki juu ya paa. Wakapanda nguzo. Mji ukasimama kandokando ya barabara ukiwatazama, umelowa chapachapa. Aliyevunja ukimya, kama kawaida, ni Bwana Kimya: “Sasa hii niliyovuka leo, nani atanilipia goti?”

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye maji. Dada hakucheka. Aliingia ndani akafunga nusu ya mlango. Nimeiandika habari, aya sita. Wakati naituma nilijua itakapofika.

Alhamisi, Aprili 10

Imefika. Injinia amenipigia tena.

“Mji wenu ulijificha mara ya kwanza na kujizidisha mara ya pili,” amesema. “Nikija mara ya tatu, niamini nini?”

Nimemwambia sijui.

Jumamosi, Aprili 12

Wifi yake dada amepiga simu. Chumba cha duka la vitambaa kimepatikana. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Ufa wa tanuri sasa unaingia kidole changu kizima.

Jumatatu, Aprili 14

Haya nimeyapata kwa Bwana Kimya, aliyekuwa langoni kwa Mwenyekiti na mkokoteni. Nimempelekea dada ayathibitishe. Hakuthibitisha wala hakukanusha, aliniambia ninawe mikono nije kula. Nayahesabu kuwa kweli.

Leo asubuhi dada alisimamisha mkokoteni mbele ya ukuta wa chokaa, akachukua mkate mmoja kutoka upande mzuri wa tanuri, akaingia bila hodi. Mwenyekiti alikuwa barazani.

“Sijaagiza mkate,” alisema.

“Sijaja kuuza. Nimekuja kuaga mapema, nisije nikasahau. Naenda kuuza vitambaa.”

“Vitambaa? Wewe?”

“Kila mtu ananiuliza hivyohivyo.”

Bwana Kimya anasema Mwenyekiti alikaa, akasimama, akakaa. Akaanza kusema habari za gazeti na mdogo mtu asiye na staha, yaani mimi. Dada akamwacha amalize.

“Mimi sina neno na mapokezi yako, shemeji,” akamwambia. Humwita shemeji kwa sababu alikuwa rafiki wa marehemu. Walichanganya udongo wa lile tanuri pamoja. “Wageni wa siku moja uliwapokea vizuri sana. Mimi ni jirani yako miaka ishirini na sita. Nitapokelewa lini?”

Akaweka mkate juu ya ukuta wa baraza, akatoka.

“Na yeye akasema nini?” nimemuuliza Bwana Kimya.

“Hakusema kitu. Hata mimi sikusema kitu.”

Hilo la mwisho sijaweza kulithibitisha.

Jumatano, Aprili 16

Kikao cha maoni. Ukumbi umejaa mpaka madirishani, bati linapigwa na mvua, Injinia yuko mezani na wasaidizi wawili. Watu walizungumza juu ya mifereji, vumbi, taa na makaburi ya zamani. Kila aliyegusa kivuko Injinia alimjibu kwa upole uleule: thelathini na mmoja. Dada alikaa mstari wa nyuma na mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

Mwishoni mwenye kuongoza kikao akauliza kama kuna mwingine. Mwenyekiti akasimama. Alikuwa amevaa koti. Alikuwa na kipaza sauti mkononi ingawa cha ukumbi kilikuwapo, na akatumia chake.

“Siku ile ya Novemba niliwaficha watu wangu,” alisema. “Niliwaambia wakae ndani. Niliona ni heshima. Walitii kwa sababu yangu, kwa hiyo hesabu ile si yao, ni yangu.”

Ukumbi ulikuwa umejiandaa kucheka, ukasahau.

Injinia akavua miwani. “Kwa hiyo unasema siku ile haikuwa siku ya kawaida?”

“Haikuwa, mheshimiwa. Siku ya kawaida mji huu hauna adabu hata kidogo.”

Hapo ndipo walipocheka, naye akacheka kidogo, na Injinia akainamia karatasi zake kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

“Tutahesabu upya kabla ya bodi,” akasema. “Siku sitaitaja. Na ninyi naomba kitu kimoja tu: msifanye chochote.”

Nimetazama mstari wa nyuma. Dada alikuwa amefungua mkoba anatafuta kitu ambacho nadhani hakikuwamo.

Ijumaa, Aprili 18

Mwenyekiti amenunua mkate. Mmoja, na skonzi nne. Mimi bado haniitikii.

Jumatano, Aprili 23

Injinia amekuja mwenyewe, bila wasaidizi, mapema, akamwomba dada amwonyeshe mkokoteni. Nilidhani anataka kuupiga picha. Alitaka kuusukuma.

“Ukiwa umejaa?” dada aliuliza.

“Ukiwa tupu utanifundisha nini?”

Wakauvusha mpaka hospitali, ambako kuna mteremko wa zege wa vitanda vya wagonjwa. Injinia akashika mikono ya mkokoteni akaanza kupanda. Katikati akasimama, mguu umeteleza, miwani inaning’inia. Bwana Kimya akatia bega.

“Umekushinda,” dada alisema.

“Umenishinda. Wewe ungeuweza?”

“Kila siku? Hapana. Mteremko huu ni wa kupandisha mgonjwa anayesukumwa na vijana wawili.”

“Kwa hiyo uwe mrefu zaidi, ulale zaidi.”

“Ulale. Na usiwe na ngazi hata moja. Ngazi ni za watu wasio na mizigo.”

Injinia akachora kitu nyuma ya bahasha, jasho likimdondokea juu yake. Nilikuwa nimemwandika kichwani mwangu kama mtu wa zege. Nimelifuta hilo.

Kabla hajaondoka alinunua skonzi. Dada alimchagulia za upande mzuri.

“Idadi ikitosha, utajengwa,” Injinia alimwambia. “Isipotosha, hii ni bahasha tu.”

Ijumaa, Aprili 25

Mwenyekiti amepita na kipaza sauti: “Msijifiche, wala msizidishe. Fanyeni kama kawaida. Narudia, kama kawaida.”

Matokeo yake hakuna anayejua tena kawaida ikoje. Watu wanavuka barabara wakiwa wamenyoosha mgongo kama wanapigwa picha ya pasipoti. Muuza nyanya ameniuliza kama ni kawaida yake kuvuka kabla ya chai au baada.

Jumatano, Aprili 30

Kawaida imeanza kurudi. Leo watu wawili wamegombana katikati ya barabara kuhusu ndoo.

Jumanne, Mei 6

Mvua kubwa kuliko zote msimu huu. Mifereji imetapika, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, gari dogo limezimika mbele ya soko. Dada na Bwana Kimya wamevusha mikate chini ya karatasi ya nailoni, wakipiga kelele mmoja kwa mwenzake ingawa walikuwa bega kwa bega.

Niliingia dukani kukausha viatu. Kwenye benchi la dirishani walikaa wanawake wawili, wageni wa mji, na chai na skonzi. Dada aliniambia wamekimbia mvua tangu asubuhi na basi lao limechelewa. Walikuwa wakizungumza habari za mitindo ya nywele, lakini macho yao hayakutoka barabarani, na mmoja alikuwa na kitu ndani ya kiganja anachokibonyeza kwa dole gumba. Nilihesabu mibonyezo mitatu. Watu watatu walikuwa wamevuka.

Nikakaa karibu. “Mimi ni mwandishi wa gazeti,” nikasema kwa sauti ya chini.

“Tunakujua,” alisema yule mwenye kitu kiganjani, bila kugeuka. “Injinia ametuonya. Ukisema leo, siku imeharibika.”

“Gazeti langu hutoka asubuhi.”

“Basi tunaelewana.”

Nimefikiria kama hapo nilifanya kazi ya gazeti au ya ndugu. Jibu langu ni kwamba habari ilikuwa bado haijaisha kutokea. Dada alipita na birika, akawaongezea chai, akalalamikia wateja wanaoingia na matope. Hakujua kitu, na sikumwambia.

Ikafika wakati wa chakula. Kwenda kula nyumbani kwa dada ilinibidi nivuke. Nilisimama mlangoni nikiwaza kama mtu anayejua anahesabiwa ana haki ya kuvuka. Kisha njaa ikaamua. Mimi pia ni mtu. Nyuma yangu nikasikia kitu kimebonyezwa.

Jumatano, Mei 7

Nimeandika. Dada amesoma habari akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa.

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Nikawaambia wanaleta matope.”

“Uliwaambia mara mbili.”

“Na mvua ile.” Akatazama barabara kupitia dirisha. “Nani anavuka siku kama ile? Watakuwa wamehesabu mimi na vyura.”

Simu ya wifi yake imeita jioni. Ameiacha ikaita mpaka ikanyamaza.

Alhamisi, Mei 15

Hakuna habari. Jua kidogo. Ufa bado.

Jumamosi, Mei 17

Dada amepima urefu wa meza yake ya kukandia kwa kamba. Nimemuuliza kwa nini. “Nione kama inaingia kwenye chumba cha vitambaa,” amesema. “Ya kukatia.” Bwana Kimya alisikia, na tangu dukani mpaka nyumbani hakusema neno. Hili nimelithibitisha mwenyewe, nilikuwa naye.

Jumanne, Mei 20

Bodi imekaa leo. Injinia amenipigia akiwa ngazini, nilisikia viatu vyake.

Wameidhinisha. Njia nne, mifereji mipana, ukuta wa kati, na mbele ya soko kivuko cha juu chenye mteremko mrefu uliolala, bila ngazi hata moja. Siku ile ya mvua walivuka watu elfu mbili na mia nane na kitu. Mjumbe mmoja wa bodi aliuliza ingekuwaje jua lingewaka. Injinia alimjibu kwamba hataki kufikiria.

“Kuna jambo moja,” akaongeza. “Mteremko umerefuka. Upande wa mashariki unaanzia kwenye ule ukuta wa chokaa. Ukuta utaondoka, na maua. Nyumba inabaki. Nitakuja kumwambia mwenyewe, lakini najua utatangulia.”

Nimetangulia. Mwenyekiti alikuwa akimwagilia. Kwa mara ya kwanza tangu Machi aliitikia salamu, labda kwa sababu ya uso wangu. Nikamwambia yote, na ukuta, na maua.

Akaweka chini ndoo.

“Kwa hiyo kila anayevuka atapita mlangoni kwangu.”

“Kila mmoja.”

“Wanafunzi. Watu wa soko. Wageni.”

“Na mkokoteni.”

Alitazama baraza lake, akatazama barabara, akapima kwa macho. Nilisubiri aseme neno juu ya maua.

“Benchi litakaa hapa,” akasema. “Na mtungi wa maji. Mtu akishapanda mteremko ule atakuwa na kiu.” Halafu akaniangalia. “Hilo usiliandike. Watasema najigamba.”

Sijaliandika gazetini.

Jumatano, Mei 21

Aya nne, ukurasa wa kwanza. Dada ameisoma, akaikunja, akafungia mkate wa mteja. Hajasema kitu kuhusu vitambaa na mimi sijauliza.

Jumanne, Mei 27

Hakuna mvua. Nilipofika kwa dada alfajiri, lango lilikuwa wazi na mkokoteni umekwisha kurudi, umebeba matofali. Fundi alikuwa amepiga magoti ubavuni mwa tanuri, na dada amesimama juu yake anamwambia kwamba marehemu asingechanganya udongo hivyo.